Faida ya Chanjo kwa Wale Wasiochanjwa

Mtu akisimama Kivukoni asubuhi, hapo pantoni iendapo na kurudi baina ya Magogoni na Kigamboni, huona makundi ya watu yakishuka na makundi mengine yakipanda, na hali ni hiyo mchana kutwa. Wamo wachuuzi waendao soko la samaki la Feri, wamo watoto wa shule, wamo makarani na mafundi, wamo akina mama wenye watoto mgongoni. Baada ya saa moja watu hao wamekwisha kutawanyika: huyu yuko Posta, huyu yuko Kariakoo katika msongamano wa maduka, huyu ameketi hospitalini akingoja zamu yake. Wavukapo watu, ndipo yavukapo na maradhi. Surua haina miguu wala chombo chake. Haina budi kumpata mtu wa kuichukua. Ikimkosa, hubaki ng'ambo na kufa huko huko.

Neno hilo la mwisho ndilo tutakalo kulieleza mwezi huu. Watu wengi hudhani kwamba chanjo ni jambo la mtu na mwili wake tu: aliyechanjwa amejikinga, asiyechanjwa shauri yake. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu yake si kweli. Chanjo humkinga aliyeipata, lakini pia humkinga jirani yake ambaye hakuipata. Nasi twalisema jambo hili kwa sababu linaigusa nyumba yetu.

Sisi tuandikao ni mume na mke, twakaa mtaa ulio karibu na Kariakoo. Mmoja wetu ana meza ya samaki pale Feri, mwingine ana kibanda cha vitenge. Nyumbani mwetu tu watu sita: sisi wawili, watoto wawili waendao shule, kitinda mimba wetu mwenye umri wa miezi mitano, na mama yetu mzee, ambaye anatibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kule pwani penye majengo ya kale yaliyojengwa na Wadachi. Wale wawili wa shule wamepata chanjo zao zote. Kitinda mimba amepata zile za umri wake, lakini ya surua bado, kwa kuwa katika nchi yetu hutolewa mtoto atimizapo miezi 9. Mama yetu naye hakuwahi kupata chanjo ya kichomi, maana katika utaratibu wa nchi chanjo hiyo hupewa watoto wachanga, na yeye alizaliwa zamani kabla haijakuwapo. Tena dawa kali za saratani zimeupunguza mwili wake nguvu za kupigana na maradhi. Basi katika watu sita tulio nao nyumbani, wawili hawana ngao yao wenyewe. Wanaishi nyuma ya ngao za wengine.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtoto asichanjwe surua tangu siku ya kuzaliwa? Jibu lake ni hili. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo humsaidia kwa miezi michache, lakini hupungua mwezi kwa mwezi. Na maadamu imebakia kwa wingi mwilini, huizuia chanjo isishike vema. Kwa hiyo waganga husubiri kinga ya mama ipungue, ndipo wachanje. Na hapo katikati pana kipindi cha hatari, ambapo kinga ya mama imekwisha kudhoofika na ya chanjo haijaja. Kila mtoto wa nchi hii hupita katika kipindi hicho, awe mtoto wa tajiri au wa maskini.

Wala mzazi hawezi kumlinda mtoto wake kwa kumwepusha na wagonjwa. Mwenye surua huanza kuambukiza wengine siku nne kabla vipele havijatokea, wakati ambapo watu wanadhani ana mafua tu. Tena vijidudu vyake vyaweza kukaa hewani muda wa hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mama aingiaye chumba kitupu na mtoto wake mgongoni aweza kuukuta ugonjwa ulioachwa humo na mtu asiyemwona wala kumjua. Katika mji kama huu wetu, nani awezaye kujifungia?

Sasa natufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo kiini cha maneno yetu. Wataalamu wameona kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu wasio na kinga hata mmoja, huambukiza watu 12 hata 18. Tuchukue hesabu ya katikati, watu 15. Tuseme kwamba katika mtaa fulani, kila watu 20, wanne hawana kinga. Katika wale 15 ambao mgonjwa angewaambukiza, 12 wana kinga, 3 watashikwa. Hao 3 watawashika 9, na 9 watawashika 27, na 27 watawashika 81, na mtaa mzima utajaa kilio. Lakini tuseme kwamba katika kila watu 20 asiye na kinga ni mmoja tu. Hapo katika wale 15, hesabu ya watakaoshikwa haifiki hata mmoja kamili. Pengine atashikwa mmoja, pengine hapana, na baada ya mgonjwa mmoja au wawili ugonjwa hukatika, kama moto uliokosa kuni.

Angalieni, ndugu, katika mtaa huo wa pili yule mmoja asiye na kinga hakupata dawa yoyote. Mwili wake ni dhaifu vile vile kama ulivyokuwa. Amepona kwa sababu wale 19 wanaomzunguka hawakubali kuwa chombo cha kuvushia ugonjwa. Jambo hili wataalamu huliita kinga ya jamii. Kwa ajili hiyo husema kwamba surua haitazuilika pasipo watu wapatao 95 katika 100 kuwa na kinga. Na kwa kuwa chanjo ya kwanza, itolewayo katika miezi 9, hushika barabara kwa watoto wapatao 85 katika 100, hutolewa ya pili mtoto atimizapo miezi 18, ili wale ambao ya kwanza haikuwashika wapate kushikwa na ya pili. Wazazi wengi huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea, na kadi ya kliniki imetupwa chini ya sanduku. Kuisahau huko ndiko kunakoufungulia ugonjwa mlango.

Siku moja jirani yetu, mama mwema ambaye mara nyingi ametuazima sufuria na chumvi, alituambia hivi: "Jirani zangu, huyu wangu wa mwisho sikumpeleka sindano ya surua, ametimiza miaka miwili na ushei, na mbona yu mzima kuliko hao wenu? Ninyi mwajisumbua bure." Hatukumcheka, maana swali lake ni swali la haki, na watu wengi hulificha moyoni.

Tulimjibu hivi: "Dada yetu, ni kweli mtoto wako yu mzima, nasi twafurahi. Lakini tazama anacheza na nani. Anacheza na watoto wetu wawili, na wale watatu wa nyumba ya pili, na wa fundi cherehani, nao wote wamechanjwa. Surua ikija mtaani itawagonga hao kwanza, nao hawatafungua. Mtoto wako amelala nyumba ya ndani, mlango wake u wazi, lakini majirani wamefunga milango yote ya nje. Si kwamba mwivi hayuko. Hajapata njia ya kupita. Sasa wa nyumba ya pili akisema kama usemavyo wewe, na wa fundi cherehani akasema hivyo hivyo, ni nani atakayebaki kufunga? Na mwivi akiingia, hataishia kwako. Atakuja kwetu, kwa huyu wa miezi mitano, ambaye hata tukitaka kumfungia mlango leo hatuwezi."

Akanyamaza kidogo, kisha akatuambia neno ambalo hatukulitazamia. Alisema hakukataa chanjo kwa kuwa haiamini. Ana meza ya mboga Kariakoo. Siku ya kliniki huwa siku ya biashara, na akiondoka asubuhi, mchana mboga zimenyauka na mtaji umepotea. Aliahirisha wiki hii, akaahirisha wiki ile, mwisho akaona haya kwenda na mtoto mkubwa. Basi tulipatana: Jumanne iliyofuata mmoja wetu alisimama kwenye meza yake tangu alfajiri hata saa sita, naye akaenda na mtoto akarudi. Twaona kwamba wengi tunaowaita wakaidi ni watu wa namna hii. Hawahitaji kuhutubiwa, wanahitaji mtu wa kushika meza.

Lakini yawezekana msomaji akasema: hayo ni mafumbo na hesabu za karatasini, je, yamewahi kuonekana kwa macho? Yameonekana, tena si mbali. Katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, uko mji wa Kilifi, na wataalamu wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wamehesabu wagonjwa wa huko kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya kijidudu kiletacho kichomi na homa ya uti wa mgongo, chanjo iliyokinga aina 10 za kijidudu hicho. Na huko Kilifi watoto wote wa chini ya miaka 5 waliitwa wachanjwe. Kabla ya chanjo, katika kila watoto 100,000 wa umri huo, wapatao 61 kwa mwaka walikuwa wakishikwa na ugonjwa mkali wa aina hizo. Baada yake walibaki wapatao 3 tu.

Hilo halishangazi, maana watoto hao walichanjwa. La kushangaza ni lile lililowapata wasiochanjwa. Watoto wa chini ya miezi 2, ambao ugonjwa huweza kuwakuta kabla chanjo haijawajengea kinga, hakuonekana hata mmoja wao aliyeshikwa na aina zile katika miaka iliyochunguzwa baada ya chanjo. Watoto wakubwa wa miaka 5 hata 14 ugonjwa wao ulipungua kwa karibu robo tatu. Na watu wazima, wa miaka 15 na kuzidi, ulipungua kwa kadiri ya sehemu nne katika tano. Hawa hawakuguswa na sindano. Sababu yake ni kwamba kijidudu hiki hukaa puani na kooni mwa watoto wadogo, mara nyingi bila kuwadhuru, na kutoka hapo huenda kwa babu na bibi wawabebao na kuwabusu. Chanjo ilipokifukuza katika pua za wajukuu, kilikosa njia ya kuwafikia wazee.

Tuliposikia habari hizo tulimtazama mama yetu, ambaye kila jioni hukaa na wajukuu wake mkekani. Chanjo hiyo ilianza kutolewa katika nchi yetu ya Tanzania mwaka 2013, na watoto wetu wote watatu wameipata. Tulikuwa tukidhani tuliwapeleka kwa ajili yao wenyewe. Kumbe katika mapaja yao madogo tulikuwa tukimchanjia na bibi yao.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa ndui. Wazee wetu waliujua ugonjwa huo kwa nyuso zilizojaa makovu na kwa macho yaliyopofuka. Shirika la Afya Duniani lilianza vita vikali juu yake mwaka 1967. Mwisho wake ulionekana katika mji wa Merca, katika nchi ya Somalia, mbele ya Barawa, mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Mtu wa mwisho kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipanda gari moja na watoto wagonjwa ili kumwonyesha dereva njia, na safari fupi hiyo ilitosha kumwambukiza. Akapona, na kwa kuwa watu waliokutana naye walitafutwa na kuchunguzwa, na maelfu ya watu waliomzunguka wakachanjwa, hakumwambukiza hata mmoja. Baadaye alijitolea kuwahimiza Wasomali wenzake wachanje watoto wao wasipooze kwa polio, naye alikuwa akiifanya kazi hiyo hata alipofariki mwaka 2013.

Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Tangu hapo watoto hawachanjwi ndui tena. Vijana wote waliozaliwa hapa mjini katika miaka 40 iliyopita hawana chanjo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Wanalindwa na mikono ya watu ambao wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Pana jambo moja tena ambalo wazazi wenye watoto wa kiume huliuliza. Tangu mwaka 2014 sindano ya surua ya nchi yetu ina chanjo mbili ndani yake: ya surua na ya rubela. Rubela kwa mtoto ni ugonjwa mdogo, vipele na homa ya siku chache. Lakini ikimshika mwanamke mwenye mimba changa, yaweza kumharibu mtoto aliye tumboni, azaliwe na mtoto wa jicho, au kiziwi, au na ugonjwa wa moyo. Na mwenye mimba hachanjwi chanjo hiyo. Basi mvulana anachanjwa ili asimpelekee ugonjwa dada yake, au mwalimu wake, au siku moja mke wake. Tena hapa kazi ya nusu yaweza kuwa mbaya. Wakichanjwa wachache tu, ugonjwa haukatiki, bali hupungua mwendo. Wasichana wasiochanjwa hawaupati utotoni, wakaja kuupata wakati wa kuzaa, ndio wakati wa hatari. Kwa sababu hiyo haifai kuianza kazi hii na kuiacha njiani.

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli juu ya mpaka wa kinga hii, ili mtu asiitegemee mahali isipokuwapo. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Vijidudu vyake hukaa udongoni, na huingia kwa kidonda au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa chombo kichafu. Wachanjwe watu wote wa Dar es Salaam isipokuwa mmoja, huyo mmoja akikanyaga msumari hatari yake ni ile ile. Katika pepopunda kila mtu hujikinga mwenyewe, na mama huikingia mimba yake. Wala katika surua kinga ya jamii si ukuta wa mawe. Ni watu, na watu huhama, huzaliwa, husahau. Kila mwaka watoto wapya huzaliwa wasio na kinga, na wageni huja kutoka pande zote; kazi iliyofanywa mwaka jana haitoshi mwaka huu.

Ndugu wasomaji, twawaomba mambo manne. La kwanza, itafuteni kadi ya kila mtoto leo, mtazame kama ana chanjo zote mbili za surua, ya miezi 9 na ya miezi 18. Na kama imempita, mpelekeni bila haya kwenye zahanati au kituo cha afya. Chanjo za watoto za utaratibu wa nchi hazilipiwi. La pili, akija mgeni na mtoto kutoka mkoa mwingine, mwulizeni habari za chanjo kama mnavyomwuliza habari za safari. La tatu, msiogope homa ndogo au mkono kuuma baada ya sindano. Hayo hupita kwa siku chache. La nne, jirani asiyepata nafasi, msaidieni: mshikieni meza, au mlindieni watoto wengine. Na akina baba, kadi ya kliniki haikuandikwa kwamba ni ya mama peke yake.

Kitinda mimba wetu atatimiza miezi 9 baada ya miezi minne, na siku hiyo tutampeleka. Kabla ya hapo tutamfunika, tutamnyonyesha, tutamweka mbali na msongamano kadiri tuwezavyo, lakini twajua kwamba hayo hayatoshi. Katika miezi minne hii uzima wake uko mikononi mwa watoto wanaopita mlangoni petu, na mwa wazazi waliowapeleka wakachanjwa. Wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Twawashukuru.